Malenga Apewe Darasa, Si Dakika Tano: Barua ya Wazi kwa Waandaaji wa Tamasha la Sanaa Lamu

Kwa waheshimiwa waandaaji wa tamasha la sanaa, na kwa maofisa mliokabidhiwa dhamana ya utamaduni katika kaunti yetu.

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, mzaliwa wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, na kwa miaka miwili mfululizo nimehudhuria warsha za uandishi wa ubunifu na uigizaji zinazofanyika wakati wa tamasha. Mwaka wa kwanza nilikwenda kwa ajili yangu mwenyewe. Mwaka wa pili niliwapeleka wanafunzi wangu sita. Ninaandika waziwazi, badala ya kuleta barua ofisini, kwa kuwa ninayotaka kuyasema yanawahusu pia wazazi, malenga na vijana ambao hawana njia ya kuingia katika vikao vyenu, na kwa kuwa ratiba ya tamasha lijalo bado haijatoka na nafasi ya kuirekebisha ipo.

Kwanza niseme lililo jema. Mkufunzi aliyetufundisha mara ya kwanza, mgeni kutoka mbali, alikuwa mtu mpole na mjuzi wa kazi yake. Alitutaka tuandike kwa dakika kumi bila kuinua kalamu na bila kufuta hata neno moja, kisha tusomeane wawili wawili, na anayesikiliza asitoe hukumu bali ataje tu neno lililobaki masikioni mwake. Mimi nimelelewa katika utungaji wa kuhesabu mizani, yaani silabi za mshororo, kwa vidole kabla wino haujagusa karatasi, kwa hiyo zoezi hilo lilinitia kiwewe. Lakini usiku ule, nilipofika nyumbani, niliandika kurasa tatu kuhusu marehemu bibi yangu mzaa mama, mambo niliyokuwa nikiyazunguka kwa miaka. Katika mazoezi ya sauti tulifundishwa namna ya kusimama, kuvuta pumzi kutoka tumboni na kuwatazama watu badala ya karatasi, na wanafunzi wangu bado wanaitumia mbinu hiyo wanapojiandaa kwa mashindano ya kukariri mashairi. Naomba basi barua hii isisomwe kama manung'uniko ya mtu asiyependa wageni. Mji huu umekula na wageni wa kaskazi na wa kusi tangu enzi za mababu, na haukupungukiwa na kitu.

Shida ni kwamba warsha zenu zimejengwa juu ya dhana ambayo sidhani kama kuna mtu aliyekaa akaiamua: kwamba ujuzi hushuka gatini pamoja na mgeni, na kwamba kazi ya mwenyeji ni kujifunza na, inapobidi, kutumbuiza. Mwaka wa pili aliitwa mzee mmoja kutoka upande wa Siyu, kisiwani Pate, mghani wa umri wa miaka sabini na ushei, aje kufungua warsha. Alipewa dakika tano. Alighani beti chache za utendi kwa mahadhi ambayo mimi, pamoja na miaka yote niliyofundisha fasihi, sikuwa nimepata kuyasikia. Watu wakampigia makofi, akapigwa picha, akaonyeshwa kiti cha nyuma. Kwa saa mbili zilizofuata tulifundishwa, kwa Kiingereza, umuhimu wa mapigo katika ushairi. Hakuna aliyegeuka nyuma kumwuliza mzee pumzi zake anazigawa vipi, wala mahadhi yale aliyapokea kwa nani, wala kwa nini alikuwa akiuvuta mwisho wa mshororo wa nne na kuiacha mitatu ya mwanzo ipite upesi. Nilimwuliza mimi, nje, tulipokuwa tukingoja chai. Akanijibu kwa utulivu kwamba mshororo wa nne ndio unaobeba bahari, na asiyeuvuta hajui chombo chake kinaelekea wapi.

Kwa msomaji asiyeujua ufundi huo, nieleze kidogo. Ubeti wa utendi una mishororo minne yenye mizani 8 kila mmoja. Mitatu ya mwanzo hulingana vina, na kina cha mshororo wa nne hurudiwa katika kila ubeti hadi utendi uishe, hata ukiwa na beti elfu. Kina hicho ndicho tunachokiita bahari. Shuleni ninawafundisha watoto kukitambua ili wapate alama katika karatasi ya tatu ya Fasihi, na wengi wao hupata. Lakini kwamba kina hicho ni mahali pa mghani kupumua, na ni mahali pa msikilizaji kutambua kwamba bado yumo safarini, hilo sikuwa nimelisoma katika kitabu chochote cha kiada, na nililipata kwa bahati tu, nikiwa na kikombe mkononi.

Washiriki tulikuwa thelathini na kikao kile kilikuwa cha saa mbili. Anayejua kugawanya ataona kwamba, hata kama mkufunzi asingefungua kinywa chake, kila mmoja wetu angeambulia dakika nne. Mzee wetu, kwa hesabu hiyo, alitupita kwa dakika moja, na huenda aliyepanga ratiba aliona amemheshimu.

Jambo la pili lililonikaa moyoni linahusu mmoja wa wanafunzi wangu. Aliandika shairi fupi kuhusu baba yake, mvuvi, na katika ubeti wa kwanza alikuwa na kina cha *-to*: *moto*, *ndoto*, *mtoto*, na neno *mato*, ambalo ndilo neno letu la Kiamu kwa macho. Lilikuwa shairi la mtoto wa miaka kumi na sita, lenye kasoro zake, lakini kina kilikuwa kimesimama imara. Akaambiwa, kwa nia njema kabisa, aliandike upya kwa Kiswahili ambacho kila mtu atakielewa, kisha alitafsiri kwa Kiingereza ili lipate nafasi katika onyesho la jioni. *Mato* yakawa *macho*. Mizani haikuharibika, kwa kuwa neno moja na jingine yote yana mizani mbili, lakini kina kilivunjika, na baada ya kuvunjika kule hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini shairi lake halikusikika tena kama alivyolisikia alipokuwa akilitunga. Vitabu vyetu vya shule vinasema mshairi akiandika *mato* ametumia uhuru wa mshairi. Mtoto yule hakutumia uhuru wowote. Ndivyo mama yake anavyosema kila siku asubuhi.

Waheshimiwa, tendi na mashairi yanayotajwa popote pale fasihi ya Kiswahili ya zamani inapozungumzwa yaliandikwa kwa lahaja zetu za kaskazini, katika visiwa hivi. Utendi wenye tarehe ya mapema kabisa tunaoujua, wa Bwana Mwengo, unatajwa kuwa wa mwaka 1728 na ulitungwa Pate. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akayafanya, katika shairi lake la Al-Inkishafi, kioo cha nafsi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1810, katika uhasama uliozaa vita vya Kuduhu ambavyo vitabu vingi huviita vita vya Shela, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa walirushiana mashairi kama wengine walivyorushiana risasi, na kila upande ulilingoja jibu la upande wa pili. Muhamadi Kijuma, aliyefariki katikati ya miaka ya 1940, alikuwa mtunzi, mwandishi wa khati, mchonga milango, mpiga ala na mchezaji wa ngoma, vyote katika mwili mmoja, na ndiye aliyeuandika utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Siyu ilijulikana kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kujalidiwa huko huko. Sizitaji habari hizi ili tujisifu. Kujisifu tunajua sana, na wakati mwingine ndiko kunakotuchelewesha. Ninazitaja kwa sababu mji wenye historia kama hii unapoandaa warsha ya uandishi ambayo ndani yake lugha ya uandishi huo inahesabiwa kuwa kikwazo, mpangilio umepinduka.

Kuna jambo jingine ambalo nimelifikiria sana, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Warsha zenu zina sehemu mbili, uandishi asubuhi na uigizaji mchana, na mshiriki hutarajiwa kuandika yake kisha ayasimamie mwenyewe jukwaani mbele ya kipaza sauti. Utaratibu huo umezoeleka katika ushairi wa majukwaa ya miji mikubwa, na una uzuri wake. Kwetu, hata hivyo, kazi hizo mbili mara nyingi zimekuwa za watu wawili. Mtunzi hutunga; mwenye sauti hughani; na mtunzi hukaa nyuma ya mlango au nyuma ya jina, akisikiliza kama maneno yake yamefika salama. Tungo za Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi wa hapa mjini ambaye tangu miaka ya 1970 amekuwa akiwausia vijana na wazazi wa Lamu kwa mashairi, zimeingia majumbani zaidi kwa sauti za waghani wengine zilizorekodiwa katika kanda kuliko kwa karatasi. Katika miaka hiyo hiyo, mashairi ya siasa yaliyopata jina la Kimwondo yalisafiri kisiwa hadi kisiwa kwa kanda, na kuna watu waliokuwa wakiyajua kwa moyo bila ya kupata kumwona mtunzi wake. Marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi aliyetokea hapa, hakuwa na haja ya kutunga kila alichokiimba. Alijua mashairi mazuri yalipo, akayatafutia sauti inayoyafaa.

Mgao huu wa kazi una maana kubwa kwa wanawake. Katika warsha zote mbili nilizohudhuria, wanawake wa Lamu wasio wanafunzi walikuwa watatu mara ya kwanza na wawili mara ya pili, nami nikiwemo. Nilipowauliza jirani zangu kwa nini hawakuja, hakuna aliyesema hapendi kutunga. Wengine ndio wanaotunga nyimbo za vugo tunazoimba harusini, nyimbo zenye mafumbo makali ambayo mkufunzi yeyote wa uandishi angeyaonea wivu, na hutunga wakikuna nazi. Walichokisema ni kwamba hawawezi kusimama jukwaani mbele ya wanaume na kamera, na kwamba waliambiwa kila mshiriki ni lazima aigize alichoandika. Mwana Kupona binti Msham alipoutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake akae karibu pamoja na wino na karatasi, akamwusia. Hiyo nayo ilikuwa warsha, ya watu wawili, chumbani, na matokeo yake yamesomwa kwa zaidi ya miaka 160. Lau sharti la kuingia lingekuwa kupanda jukwaani, tusingekuwa nao.

Ninapendekeza, kwa hiyo, kwamba warsha ziwaoanishe watunzi na waghani. Mtu ajiandikishe kama mtunzi, au kama mghani, au kama vyote viwili akipenda, na sehemu ya kazi ya siku iwe ni kule kukabidhiana: mtunzi amsomee mghani, mghani amwulize wapi apumue na neno gani lisimame, mtunzi akubali kubadilisha neno lililo gumu mdomoni, mghani akubali kutobadilisha neno ambalo mtunzi hawezi kuliacha. Yeyote aliyewahi kushuhudia mazungumzo ya namna hiyo anajua kwamba ndani yake mna mafunzo yote ya uhariri na yote ya uigizaji, tena bila ubao. Mwanamke anayetaka kubaki nyuma ya jina la kalamu atabaki, na kazi yake itapanda jukwaani bila yeye. Wasichana wetu wanaotaka kupanda wenyewe, na wapo, tena wana sauti, wapande. Kuwe pia na chumba cha wanawake peke yao chenye mkufunzi mwanamke, angalau kwa vikao vya asubuhi, kabla watoto hawajatoka shule na kwenda chuoni kusoma Kurani.

Kuhusu saa, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni jambo la kurekebishika kwa kalamu moja. Kikao kilichopangwa kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja na nusu kinaikata Alasiri katikati, na wanaume wazima wakaonekana wakitoka mmoja mmoja kama watoro wa shule. Pia kuna habari ya maji. Vyombo vya Pate, Siyu na Faza hupita mkondo wa Mkanda, na Mkanda hutaka maji yamejaa. Warsha inayofungwa mlango saa tatu asubuhi, siku ambayo maji yatajaa saa sita, imeamua bila kusema kwamba watu wa visiwa vile hawahitajiki. Mwenye kupanga ratiba angemwuliza nahodha yeyote pale gatini. Na kama tuna nia kweli, basi kikao kimojawapo kifanyike Pate au Siyu, sisi wa Lamu ndio tusafiri.

Nirudi kwenye lugha, maana naona ndiyo nguzo. Sidai kwamba Kiingereza kifukuzwe. Ninachokiomba ni kwamba lugha ya kazi ndani ya warsha iwe Kiswahili, mkalimani awe wa mgeni na si wa mwenyeji, na kwamba Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu vihesabiwe kuwa lugha za kutungia bila mtu kutakiwa kuvinyoosha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na imeiagiza serikali ikuze na kulinda wingi wa lugha za watu wa nchi hii. Ibara ya 11 inataka utamaduni ukuzwe kupitia fasihi na sanaa. Na Jadweli ya Nne inazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho ya kaunti. Ndugu zetu wa ofisi ya utamaduni, nimezitaja ibara hizi ili mtakapoulizwa kwa nini fedha za warsha zimetumika kumlipa malenga wa Kizingitini ambaye hana shahada, muwe na jibu mkononi.

Ndiyo, kumlipa. Mkufunzi mgeni hulipiwa nauli, chumba na ujira, na ni haki yake. Mzee wa Siyu, kwa kadiri alivyoniambia mwenyewe, alipewa nauli ya chombo na chakula cha mchana. Kama wote wawili ni walimu wa siku moja, kwa vyovyote vile tofauti ya malipo inaweza kuelezwa kwa umbali wa safari, lakini tofauti kati ya ujira na hakuna haielezeki. Tena ningependa kuwaona wawili hao wakifundisha darasa moja kwa pamoja, kila mmoja akimwuliza mwenzake maswali mbele yetu, kwa kuwa yule mgeni mpole, nina hakika, angefurahi kupata habari ya bahari kuliko mtu yeyote chumbani.

Mfano wa jambo kama hili haupo mbali. Mjini Unguja, chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimewaketisha mafundi wakongwe wa taarab pamoja na vijana na wageni, wanafundisha ala za udi na kanuni kwa mwaka mzima, na tamasha zinapofika vijana wale tayari wana la kuonyesha. Na Limuru mwaka 1977, watu wa Kamĩrĩĩthũ walipotengeneza mchezo wao pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, mazoezi yalifanyika hadharani na wanakijiji waliyasahihisha maneno na nyimbo kwa lugha yao wenyewe, kiasi kwamba serikali ya wakati huo iliona heri kuyazima maonyesho. Sitarajii warsha zetu zimtie mtu yeyote hofu ya namna hiyo. Natarajia tu kwamba mtu wa Matondoni, anayelijua jina la kila ubao wa jahazi, atakapoingia katika warsha ya maigizo aulizwe maneno hayo badala ya kupewa mchezo ulioandikwa tayari kuhusu bahari na mtu ambaye huenda hajawahi kutapika ndani ya chombo. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu, alitunga utenzi mzima kuhusu uundaji wa chombo ili maneno yale yasipotee pamoja na mafundi wake. Njia alishaichora.

Kuhusu kurekodi, hapa nitakuwa mkali kidogo. Katika warsha ya pili kamera mbili na vinasa sauti kadhaa vilikuwa vikifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyeelezwa picha na sauti zile zinakwenda wapi. Nimejaribu mara mbili kupata nakala ya mzee akighani, ili niitumie darasani, sikufanikiwa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni inataka idhini ya wenyewe, itolewe baada ya wao kuelezwa, kabla ya mali hiyo kutumiwa na wengine, na inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista. Tayari sehemu ya miswada ya Kijuma ipo London, ambako, tuseme kweli, imetunzwa vizuri kuliko ambavyo baadhi yetu tungeitunza, maana ninazijua nyumba ambazo mchwa umemaliza masanduku mazima. Lakini mwanafunzi wa Lamu anayetaka kuona mwandiko wa mtu aliyeishi mtaa wa pili kutoka kwao hawezi kupanda ndege. Yaliyorekodiwa katika karne hii, kwa vyombo vinavyoingia mfukoni, hayana sababu ya kufuata njia ile ile. Iwepo fomu ya idhini kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma, na nakala ya kila kitu ibaki katika maktaba iliyo hapa hapa kisiwani, ikaguliwe kabla mgeni hajapanda mashua kwenda uwanja wa ndege wa Manda.

Nisipoigusa sehemu yetu sisi wenyeji nitakuwa sikusema kweli yote. Malenga wetu, Mungu awape umri, si wote wanaojua kufundisha. Nimemwona mmoja akimkatiza kijana katika ubeti wa pili kwa sababu ya mizani moja iliyozidi, akamwambia hilo ni guni, hakuna shairi hapo, na kijana huyo leo anaendesha bodaboda ya upande wa Mokowe na hataki hata kusikia neno mizani. Wapo pia wanaoficha mahadhi kama watu wanavyoficha dawa. Na sisi walimu wa shule tumewafanya watoto waamini kwamba shairi ni kitu cha kuhesabiwa tu, hadi mwanafunzi anaweza kutaja majina ya bahari kumi, kwa maana ya aina za mashairi, bila ya kuwa ametunga ubeti mmoja wa yoyote kati yake. Hapa ndipo mbinu za yule mgeni zinapotufaa: kusikiliza kabla ya kuhukumu, kuacha rasimu iwe mbaya kwanza, kumwuliza mtunzi anataka nini kabla ya kumwambia alichokosea. Kwa hiyo ninaomba malenga watakaofundisha wapewe, nao, siku mbili za maandalizi pamoja na wakufunzi wengine, na wasiachwe waingie darasani na bakora.

Mwisho wa maombi yangu ni muda. Warsha ya siku mbili, ikizungukwa na mashindano ya punda, mashua na ngoma, humalizika pale mtu anapoanza kuzoea sauti yake. Ningependa kazi ianze wiki sita kabla ya tamasha, mara moja kwa juma, usiku baada ya Isha kwa wanaume na asubuhi kwa wanawake, na siku za tamasha ziwe za kuonyesha na za kukutana na wageni, wakiwa watu wana rasimu mkononi. Mtaala mpya wa shule umefungua njia ya sanaa na michezo katika sekondari ya juu, na wanafunzi watakaoichagua hapa kwetu watahitaji mahali pa kufanyia kazi kwa vitendo. Vikao hivyo vinaweza kuwa mahali hapo. Ukumbi hauna gharama ya kutisha. Ua wa Ngome ya Lamu upo, jengo lililokamilika mwaka 1821 baada ya vita vile vile vya mashairi na risasi, likawa gereza hadi mwaka 1984, na sasa ni makumbusho. Sauti ya mtu anayeghani ndani yake haihitaji kipaza sauti, wala haijali umeme umekatika.

Nimezungumza na walimu wenzangu wawili, na mama mmoja mtunzi wa nyimbo za vugo ambaye ameniomba nisimtaje, na yule mzee wa Siyu. Wote wanne wako tayari kukaa nanyi siku yoyote kabla ratiba haijachapishwa, ila mzee anaomba aambiwe siku tatu mbele ili aangalie maji. Kama ofisi zenu zina shughuli nyingi, daka la nyumba yetu Langoni, yaani ukumbi wa mlangoni, linatosha watu kumi, mikeka ipo, na kahawa nitapika mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili
Langoni, Lamu